Neno "kaka": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Herufi nne, silabi mbili, na maana zisizohesabika kwa vidole vya mikono. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara neno hili likitajwa: kwa wazazi wanaolea watoto Ulaya, kwa wanafunzi wa isimu, na kwa watu waliosikia lugha ya jirani wakashtuka. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa swali lilipo.

## Kaka wetu wa Kiswahili

1. Kaka ni ndugu yeyote wa kiume, au mkubwa tu?

Kwa matumizi ya tangu zamani, kaka ni ndugu wa kiume aliyekutangulia kuzaliwa. Aliyekufuata ni mdogo wako, awe wa kiume au wa kike. Mtu aliyelelewa na bibi wa pwani akisema "kaka yangu", humwulizi nani alitangulia, kwa kuwa neno lenyewe limeshakujibu.

Siku hizi neno limepanuka. Mijini utasikia "kaka yangu mdogo", na anayesema hivyo anaeleweka vizuri tu. Sisemi ni kosa. Lakini masikio ya wazee yanapata tabu kidogo, maana kwao ni kama kusema "mkubwa wangu mdogo". Mimi bado nashika mgawanyo wa zamani nyumbani kwangu, na watoto wangu wanaufuata bila kufundishwa darasani.

Tena kuna kaka asiye wa damu. Unamwambia kondakta "kaka, shusha hapo mbele", unamwambia muuza machungwa "kaka, niongeze moja". Hapo kaka ni heshima kwa mwanamume wa rika lako au aliyekuzidi kidogo. Akikuzidi sana, atakuwa baba, mzee au mjomba kulingana na mji ulipo. Shuleni kiongozi wa wanafunzi wa kiume ni kaka mkuu, hata kama kuna wanafunzi waliomzidi umri.

2. Niseme "kaka yangu" au "kaka wangu"?

"Kaka yangu." Wakiwa wengi, "kaka zangu". Kitenzi hakifuati mkondo huo: "kaka yangu amefika", "kaka zangu wamefika". Kivumishi nacho hufuata uhai: "kaka yangu mkubwa", si "kubwa". Ndivyo yalivyo pia baba, mama, dada na rafiki. Katika mazungumzo maneno hushikana yakawa kakangu, kakako, kakake.

3. Kuna maneno mengine ya Kiswahili yanayobeba maana hiyo?

Yapo, na moja limekaribia kupotea: *umbu*. Umbu ni ndugu wa jinsia nyingine. Umbu wa mwanamke ni mwanamume, umbu wa mwanamume ni mwanamke. Neno hilo halitazami umri, linatazama nani anazungumza. Inasikitisha kwamba vijana wengi hawajapata kulisikia, kwa sababu linatuonyesha njia nyingine kabisa ya kupanga watoto wa nyumba moja: kwa nafasi ya msemaji, si kwa nani alizaliwa kwanza.

Lipo pia *ndugu*, lisilobagua umri wala jinsia. Ukivuka kuingia Kongo, wengi humwita mkubwa wao *yaya*, awe wa kiume au wa kike, kama ilivyo katika Kilingala. Mkenya akisikia Mkongomani anasema "yaya yangu ni daktari", hushangaa, kwa kuwa Nairobi yaya ni msichana anayelea mtoto.

4. Neno kaka limetoka wapi?

Wachunguzi wa maneno ya mkopo hulielekeza Uajemi, nami nakubaliana nao. Biashara ya Bahari ya Hindi, iliyoendeshwa kwa pepo za kaskazi na kusi, ilituachia bandari, nahodha na bustani, yote yenye asili ya Kiajemi. Jina la ndugu lingeweza kushuka jahazini pamoja nayo.

Shiraz, mji ambao wenyeji wengi wa pwani yetu huutaja katika masimulizi ya asili yao, hadi leo watu wake huitana *kaka* kwa maana ya ndugu. Wakurdi, ambao lugha yao ni jamaa wa Kiajemi, humwita ndugu mkubwa *kaka*, na wakifupisha huwa *kak*, neno la heshima linalowekwa mbele ya jina la mwanamume kama sisi tunavyosema "kaka Juma".

Ila usikimbilie kuufanya ushahidi wa neno moja kuwa ushahidi wa ukoo mzima. Neno husafiri kwa mdomo wa mfanyabiashara, wa mke aliyeolewa ng'ambo, hata wa mtoto anayecheza gatini. Kusema kaka hakumfanyi mtu kuwa Mwajemi, kama ambavyo kusema meza hakumfanyi kuwa Mreno.

## Kaka wa watu wengine

5. Mbona jirani yangu Mgujarati humwita mzee mzima "kaka"?

Swali hili lilinipata mwenyewe. Nilikuwa katika duka la vitambaa Dar es Salaam, nikisubiri kupimiwa yadi tatu. Mtoto wa muuzaji akapaza sauti kuelekea stoo: "Kaka! Kaka!" Nikageuka nikitarajia kijana wa miaka kumi na tano. Akatoka mzee mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi, mkononi ana jora la kitambaa. Nikadhani mtoto amefundishwa adabu ya Kiswahili na wafanyakazi. Sivyo. Mtoto alikuwa anasema Kigujarati, na mzee alikuwa baba yake mdogo.

Kwa Kigujarati na Kimarathi, *kaka* ni ndugu wa baba: yule tunayemwita amu au baba mdogo. Kwa Kigujarati mkewe ni *kaki*, neno ambalo kwetu ni kitambaa cha sare za shule. Afghanistan nako, wanaosema Kiajemi cha huko humwita ndugu wa baba kaka.

Angalia neno linavyotembea na kubadilika. Shiraz ni ndugu. Kabul na Gujarat limepanda ngazi moja likawa ndugu wa baba. Punjab likashuka chini kabisa: huko *kaka* ni mtoto mdogo wa kiume. Ndiyo sababu mwigizaji Rajesh Khanna, aliyezaliwa Amritsar mwaka 1942, aliitwa Kaka na mashabiki wake hata alipokuwa mtu mzima.

6. Kuna mahali ambapo kaka ni mwanamke?

Bulgaria. Kwa Kibulgaria *kaka* ni dada mkubwa, na ni neno la heshima vilevile. Mbulgaria akikuambia kwamba kaka yake ameolewa, hajakosea.

Malaysia na Indonesia husema *kakak*. Malaysia ni zaidi dada mkubwa. Indonesia huweza kuwa mkubwa wa jinsia yoyote. Ufilipino, *kaka* ya Kitagalog ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Hawa wa mwisho, wa Malaysia, Indonesia na Ufilipino, ni jamaa wa kweli kwa kweli: lugha zao zote ni za ukoo wa Kiaustronesia, na neno wamelirithi kwa mama mmoja. Sisi na Wabulgaria hatumo katika urithi huo.

7. Na dada je? Nimesikia huko kwingine dada ni mwanamume.

Ni kweli. Kwa Kibengali *dada* ni kaka mkubwa. Kwa Kihindi ni babu mzaa baba. Mbengali akiwa na kaka na dada, ana amu na kaka mkubwa: wanaume wawili. Na kama unapenda kupotezwa zaidi, kwa Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, *mama* ni baba mzazi, na kwa Kihindi *mama* ni mjomba. Sababu ya mambo haya iko katika swali la 10.

8. Wahausa wanaposema kaka wanamaanisha nini?

Wanamaanisha babu au bibi. Wingi wake, *kakanni*, ni wahenga. Tena wanalo *kaka* jingine, msimu wa mavuno unaofuata mvua. Mhausa hachanganyi, kwa sababu lugha yake hupima urefu wa irabu na hupandisha au kushusha sauti. Sisi hatuna toni, kwa hiyo masikio yetu yanapokea yote kama kitu kimoja. Kasoro hapo ni ya masikio yetu.

9. Ni kweli neno hili lipo hata Amerika ya Kusini?

Lipo, milimani Andes. Kwa Kikechua, lugha ya dola ya Wainka, *kaka* ni mjomba: ndugu wa mama, si wa baba. Lipo pia *qaqa*, yaani jabali. Mswahili atasikia kaka na kaka. Mkechua anasikia maneno mawili yaliyo mbali kama paka na chaka, maana ile herufi q hutamkwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na kimio.

10. Basi lugha hizi zote ni ndugu?

Hapana. Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Watu hukusanya maneno kumi yanayofanana kutoka mabara matano, kisha wakatangaza kwamba lugha zote zilitoka kijiji kimoja. Kuna njia nne ambazo maneno mawili hufanana, na udugu ni moja tu kati yake.

Ya kwanza ni urithi, kama Malaysia na Ufilipino katika swali la 6. Ya pili ni mkopo, kama njia ya Uajemi katika swali la 4. Ya tatu ni bahati. Lugha duniani ni maelfu, sauti ambazo kinywa cha binadamu hupenda ni chache, na maneno ya silabi mbili yenye k na a lazima yagongane.

Ya nne ni mtoto mchanga. Kwenye umri wa miezi sita hadi kumi hivi mtoto huanza kurudiarudia silabi: mamama, bababa, dadada, kakaka. Hajui analosema. Wanaomzunguka ndio wanaojua wanachotaka kusikia. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba majina kama mama na papa yanafanana duniani kwa sababu hiyo: mtoto anatoa sauti, wazazi wanaigawa. Wajojia wakampa baba ile mama, sisi tukampa mzazi wa kike. Majina ya jamaa wa karibu yamejaa mama, baba, dada, kaka, nana na tata kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo kinywa kisicho na meno kinayaweza.

Ukikuta maneno mawili yanafanana, usiulize kwanza yanavyosikika leo. Uliza yalivyokuwa miaka mia tano iliyopita, na nani alikutana na nani. Mfano mzuri kuliko wote uko katika swali la 14.

## Aibu

11. Tunaishi Ufaransa. Mwanangu alimwita kaka yake uwanjani shuleni, wenzake wakamcheka. Nifanye nini?

Kifaransa *caca* ni choo kikubwa, katika lugha ya watoto. Kibaya zaidi, *pipi* ni haja ndogo. Mtoto wa Kiswahili anayesema "kaka, nipe pipi" mbele ya wenzake wa miaka sita amewapa kicheko cha wiki nzima.

Nawaomba wazazi jambo moja: msimkataze. Nimeona familia zilizoacha kulitumia neno hilo hadharani, baadaye wakaliacha hata nyumbani, na mdogo akaishia kumwita mkubwa wake kwa jina kavu. Kilichopotea hapo ni adabu nzima ya ndugu. Mweleze mtoto wazi kwamba kila lugha ina masikio yake, na kwamba mwenzake Mfaransa hakusikia alichosema bali alisikia cha kwao. Watoto hulielewa hili upesi kuliko sisi. Wengine hufurahi kuwa na siri ambayo darasa zima haliijui.

Mkazo nao husaidia. Sisi tunakaza silabi ya kwanza, KA-ka. Mfaransa huegemea ya mwisho. Mtoto akilisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kiswahili, tofauti inasikika.

12. Ni Ufaransa peke yake?

Laiti. Uhispania ni *caca*, Italia *cacca*, Ujerumani *Kacke* na kwa watoto *Kaka*, Ugiriki *kaká*, Finland *kakka*. Kiafrikana husema *kak*, na hilo si la watoto tena, ni tusi. Kilatini kilikuwa na kitenzi *cacare*, na ndicho kilichozaa maneno ya Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano. Kifini hakimo kabisa katika ukoo wa lugha hizo, ila lugha ya watoto haijali mipaka, kama ilivyoelezwa katika swali la 10.

## Ndege na keki

13. Kuna ndege anayeitwa kaka?

Wapo wawili wa kujua. New Zealand, kwa Kimaori, *kākā* ni kasuku wa msituni mwenye manyoya ya kahawia na wekundu chini ya mbawa. Vistari juu ya herufi vinaonyesha irabu ndefu. Ongeza *pō*, usiku, upate *kākāpō*, kasuku wa usiku: mnene, wa kijani, asiyeweza kuruka, aliyebaki duniani kwa idadi ya mamia machache tu.

Wa pili yuko karibu nasi. Kwa Kisanskriti *kāka* ni kunguru, na ukimsikiliza alfajiri juu ya bati utajua jina limetoka kooni mwake mwenyewe. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Alizila taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka hadi bara na kuenea pwani yote. Kwa hiyo Bahari ya Hindi ilituletea *kaka* wawili, mmoja tukampa jina la ndugu, na mwingine tunamfukuza kwa mawe.

14. Swedeni nimeona kaka ikiuzwa dukani. Ni nini?

Ni keki au biskuti. *Kaka* moja, *kakor* nyingi. Wakati wa Krismasi huoka *pepparkakor*, biskuti nyembamba za tangawizi, mdalasini na karafuu, zenye harufu ambayo mtu wa Pemba ataitambua akiwa bado mlangoni.

Hapa ndipo penye somo ninalolipenda kuliko yote. Kinorse cha kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia, kilikuwa na *kaka*. Waliposhuka Uingereza neno likaingia Kiingereza, likabadilika karne kwa karne hadi likawa *cake*. Waingereza wakalileta kwetu, tukalitia irabu mwishoni, likawa *keki*. Kwa hiyo jamaa wa damu wa *kaka* ya Swedeni ni *keki* yetu. Kaka yetu, anayefanana nayo kwa kila herufi, hana uhusiano nayo hata chembe. Anayetafuta ukoo wa maneno kwa kutazama sura angeshika yule asiyekuwa ndugu na kumwacha ndugu mlangoni.

15. Kakao na kaka?

Hazihusiani. Kakao ilitoka kwa Kinahuatl cha Mexico, *cacahuatl*, ikapitia kwa Wahispania.

## Maswali ya pembeni

16. Kaká mchezaji mpira, jina lake ni kaka yetu?

Hapana, ingawa kuna ndugu katika habari yenyewe. Jina lake ni Ricardo, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1982. Mdogo wake alipokuwa mtoto alishindwa kutamka Ricardo, akasema Caca, na nyumba nzima ikafuata. Hapo unaiona ile njia ya nne ya swali la 10 ikifanya kazi waziwazi: kinywa cha mtoto kilichagua silabi, familia ikaipa maana. Tofauti na yetu, mkazo uko mwishoni, na ndiyo kazi ya ile alama juu ya herufi. Mwaka 2007 alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya na AC Milan, fainali ikichezwa Athens, kisha akapewa Ballon d'Or.

Yaani kwake aliyelitamka, Caca alikuwa kweli kaka mkubwa. Hiyo ni bahati, njia ya tatu.

17. Kwa Kilingala, "kaka" wanayoitumia kila dakika ni nini?

Ni "tu". *Moko kaka* ni "moja tu". Kikongo nacho kina *kaka* hiyo hiyo. Ukiwa Kinshasa ukamsikia muuzaji akisema kaka, kaka, hakuiti. Anakuambia bei ndiyo hiyo tu.

18. Kakakuona ana uhusiano na kaka?

Watu hupenda kulikata jina mara mbili, "kaka, kuona", wakasema ni mnyama ambaye ukimwona umepata bahati. Kweli ni adimu, anatembea usiku, na akiguswa hujiviringa kama mpira wa magamba. Tanzania kuna desturi ya kumwekea nafaka, maji na silaha atabiri mwaka. Lakini ni jina zima la mnyama, huandikwa pamoja, wala hakuna anayesema "kaka zangu kuona". Kwa sasa anawindwa mno kwa ajili ya magamba yake, kwa hiyo ukimwona mwache apite.

19. Kamusi yangu inasema kaka ni ganda. Imekosea?

Haijakosea. Kiswahili chenyewe kina kaka mwingine, wa ngeli ya li-ya: *kaka la yai*, *kaka la tunda*, yaani ganda lililobaki baada ya cha ndani kutoka. Wingi ni *makaka*. Upatanisho ndio unaowatenganisha: "kaka amevunjika" ni habari ya kumkimbiza mtu hospitali, "kaka limevunjika" ni habari ya jikoni.

Neno hili linazidi kusahauliwa, maana watu wengi husema ganda kwa kila kitu. Bibi yangu hakusema ganda la yai hata siku moja. Alikuwa akivunja mayai ya maandazi ukingoni mwa bakuli, anayapanga makaka matupu pembeni yakiwa yamepakatana, kisha ananituma nikayasage na kuyamwaga kwenye shina la mpilipili: "Mpelekee kakako asaidie, makaka ni mengi leo."